Kobe wa Nyumbani na Baridi ya Kilimanjaro

Uingiapo mwezi wa Juni, masika yamekwisha, watu wa Moshi hutoa masweta sandukuni, na wale wa juu, Marangu na Machame, huweza kukaa kutwa wasilione jua kwa ukungu. Ndipo nyumba iliyopokea kobe hivi karibuni huanza kuulizana: Je, naye alazwe? Maana vijana wetu wamesoma katika vitabu vya Ulaya kwamba kobe hutiwa katika sanduku la majani makavu, akalala miezi ya baridi, asile wala asinywe.

Habari hiyo ni kweli, lakini ni ya kobe wa huko. Kobe wa nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania ameumbwa na Mola wake kulala. Mfugaji humzuilia chakula wiki kadhaa kabla, tumbo liwe tupu, kisha humweka penye baridi ya nyuzi 5 hivi za Sentigredi. Kobe wetu mkubwa wa nyikani, mwenye gamba la manjano na madoa meusi, hana usingizi huo. Usiku wa Moshi mjini, hata mwezi wa Julai, haufikii baridi ya namna hiyo. Ukimfungia sandukuni halali, bali huzubaa, na njaa na kiu vikimla. Tena kobe hutegemea jua kuupasha mwili wake joto. Asipolipata, chakula alichokula humwozea tumboni.

Kabla ya kibanda, sheria. Kobe ni mnyamapori, na tangu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hafugwi pasipo kibali. Aliyeokotwa njiani apelekewe habari zake afisa wa wanyamapori, naye ndiye atakayesema arudishwe wapi. Ama yule kobe bapa wa miambani, ajifichaye katika nyufa za mawe, asiguswe kabisa. Tangu 2019 biashara ya kimataifa ya kobe hao watolewao porini imepigwa marufuku.

Mwenye kibali naye afahamu kwamba mgeni wake ni wa tambarare, wa joto na nyasi kavu. Wengine, kwa huruma tu, humwokota huko chini wakamnusuru na magari, kisha wakampandisha migombani, na huko unyevu humfanyia lile ambalo gari halikumfanyia. Dalili ni kamasi puani, macho kuvimba, na kuhema kinywa wazi. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Aitwe daktari wa mifugo. Kwa maoni yetu, anayekaa juu kwenye ukungu amwachie kobe jamaa yake aliye mjini.

Mjini matayarisho si makubwa. Yafaa kibanda kisichovuja, sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, nyasi kavu tele, na mlango uelekeao mashariki. Jioni aingizwe, asubuhi jua likipanda atolewe. Ale nyasi na mpungate uliotolewa miiba, anywe maji katika sinia lisilo na kina. Mkate, maziwa na nyama si chakula chake.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo, kwa kuwa gamba huchukua vijidudu vya kuhara, wala asipitishwe penye mikeka ya kusalia, kwani kinyesi chake ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi. Kufuga kwenyewe hakukukatazwa: Mtume (S.A.W.) alimliwaza mtoto Abu Umair kwa ndege wake mdogo aliyekufa. Lakini ni yeye pia aliyetupa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na sanduku la majani ni kifungo hicho hicho, hata likitandikwa vizuri namna gani.

Kobe huyu huweza kuishi zaidi ya miaka 50, basi baba mwenye nyumba aseme mapema ni nani atakayemrithi. Na likizo ya Juni ikiwapeleka wote Tanga kwa bibi, apatikane jirani wa kumwingiza kibandani kila magharibi.