Robine Ikivuja, Nani Atalipa?

Katika miji yetu, kama vile Bukavu, Goma na Lubumbashi, jamaa nyingi hukaa katika nyumba zisizo zao. Mara nyingi amani ya nyumba hizo huvunjwa na kitu kidogo: robine inayotona usiku kucha, choo kilichoziba, lavabo yenye ufa. Mpangaji asema, «Nyumba si yangu, mwenyewe na atengeneze.» Mwenye nyumba ajibu, «Anayetumia ndiye anayeharibu.» Siku zapita, maji yapotea, ukuta walowa, na watu waliokuwa wakisalimiana vizuri sasa hawatazamani. Yatupasa basi kujua mzigo huu ni wa nani.

Msingi wa jambo hili ni wa zamani. Sheria ya raia ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilifuatwa katika Ubelgiji, na mafundisho yake yakaingia Kongo kwa amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano. Neno lake kuu ni hili: mwenye nyumba hutoa nyumba inayofaa kukaliwa, naye hupaswa kuitunza katika hali hiyo muda wote wa upangaji. Mpangaji hulipa kodi, huitumia nyumba kama baba mwema wa jamaa, tena hufanya matengenezo madogo ya kila siku. Lakini hata hayo madogo si juu yake, ikiwa chombo kimeharibika kwa uzee tu au kwa nguvu isiyozuilika.

Tuyatazame sasa mambo ya bafu na choo. Kipira kidogo kilicho ndani ya robine, kwa desturi, hubadilishwa na mpangaji, maana bei yake ni ndogo. Lakini robine nzima iliyoliwa na kutu, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, tangi la choo lisiloshika tena maji kwa uzee, hayo ni ya mwenye nyumba. Kinyume chake, mtoto akiangusha jiwe katika beseni la choo likapasuka, au watu wa nyumbani wakitupa vitambaa na mifupa hata bomba likaziba, mpangaji na alipe, asitafute maneno.

Na shimo la choo likijaa? Sheria ile ya 1804 yaweka kazi ya kulizoa juu ya mwenye nyumba, isipokuwa mapatano yamesema vingine. Katika kiwanja chenye wapangaji wanne au watano wanaotumia choo kimoja, jambo hili litajwe waziwazi kabla mtu hajaingiza kitanda chake.

Lakini kujua haki hakutoshi, kama hakuna ushuhuda. Sheria hiyohiyo ya 1804 yasema kwamba, ikiwa hali ya nyumba haikuandikwa siku ya kuingia, mpangaji huhesabiwa kuwa aliipokea ikiwa nzuri, mpaka athibitishe vingine. Ufa wa jana wa mtu mwingine waweza hivyo kuwa deni lake. Na deni hilo hutolewa wapi? Katika garanti. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga zisizo za biashara imeweka garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Kwa jamaa yenye mshahara mdogo, hiyo si fedha ya kupoteza kwa ajili ya robine.

Kwa hiyo, siku ya kuingia, wote wawili wapite pamoja nyumbani. Wafungue kila robine, wamwage maji chooni, watazame kama yanashuka vema. Wanayoyaona wayaandike, waweke sahihi zao, na kila mmoja ashike karatasi yake. Siku ya kuhama wafanye vilevile.

Tena, kitu kikiharibika, mpangaji asinyamaze. Robine inayotoa tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku moja. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Amjulishe mwenye nyumba mapema, kwa maandishi, akitaja tarehe. Akinyamaza mpaka dari ya jirani ioze, kosa la uzee limekwisha kuwa kosa lake. Wala asipunguze kodi kwa shauri lake mwenyewe. Apate kwanza kibali kilichoandikwa, na hati ya fundi aitunze.

Nanyi wenye nyumba, msingoje kukumbushwa mara tatu. Kodi mnayopokea kila mwezi ni malipo ya nyumba inayofaa kukaliwa, pamoja na choo chake. Mwiteni fundi leo, kabla gharama ya kipira haijawa gharama ya ukuta.