Mtikisiko mmoja, majimbo mawili: Funzo la Andalusia na Basque

Ndugu msomaji, uchumi unapodorora husikika kauli isemayo kuwa hali ni ngumu kwa wote. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haukukamilika. Mvua hunyesha juu ya mapaa yote ya mtaa, na si kila paa huvuja. Hata yale yanayovuja hayavuji sawasawa. Swali lenye faida kwa baba na mama wa familia si ukubwa wa mvua. Swali ni hili: kwa nini nyumba ya jirani ilibaki kavu kuliko ya kwangu?

Ili kulijibu kwa uadilifu, yafaa tuwalinganishe watu waliopatwa na msiba mmoja, chini ya dola moja na sarafu moja. Mfano ulio wazi ni wa Hispania, baada ya mtikisiko wa fedha ulioikumba dunia mwaka 2008. Kusini mwa nchi hiyo liko jimbo la Andalusia, lenye miji ya Córdoba, Sevilla na Granada, ambayo wanafunzi wa madrasa wanaijua zaidi kwa majina ya Kurtuba, Ishbilia na Gharnata. Kaskazini, kando ya Ghuba ya Biscay na mpakani mwa Ufaransa, liko jimbo la Basque, ambalo mji wake mkubwa ni Bilbao.

Neema iliyosimama juu ya matofali

Hispania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoanzisha sarafu ya euro mwaka 1999. Tangu hapo gharama ya kukopa ilishuka sana, na mabenki yakatoa mikopo kwa wajenzi na kwa wanunuzi wa nyumba pasipo hadhari ya kutosha. Katika miaka ya kilele zilianza kujengwa nyumba zaidi ya 600,000 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2007 sekta ya ujenzi peke yake iliajiri watu zaidi ya milioni 2.5. Vijana wengi waliacha masomo mapema, kwa kuwa ujira wa kubeba zege ulikuwa mzuri, na hakuna aliyewaambia kuwa kazi ile ina mwisho.

Mikopo ilipokauka, ujenzi ulisimama. Kufikia mwaka 2013 waliobaki katika sekta hiyo walikuwa takriban milioni 1 tu. Ukosefu wa ajira katika nchi nzima, ambao mwaka 2007 ulikuwa takriban asilimia 8, ulikaribia asilimia 27 mwanzoni mwa mwaka 2013. Lakini wastani wa nchi huficha mengi. Mwaka huo Andalusia ilikuwa na zaidi ya asilimia 36, hali Basque ilikuwa kati ya asilimia 16 na 17. Kwa lugha nyepesi, katika kila watu 100 wenye kufanya kazi au kuitafuta, kusini watu 36 hawakuwa nayo, na kaskazini watu 16.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kabla ya mtikisiko, Andalusia ilikuwa na ukosefu wa ajira wa kiasi cha asilimia 12 au 13, na Basque kiasi cha asilimia 6. Ukipiga hesabu utaona kuwa majimbo yote mawili yalizidishiwa shida karibu mara tatu. Pigo lilikuwa la namna moja. Tofauti ni kwamba mmoja alipigwa akiwa na afya, na mwingine akiwa tayari amechoka. Basi tukitaka kujua ni nani atakayestahimili mwaka wa dhiki, tutazame alivyoishi katika miaka ya faraja. Nanyi mnakijua kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na maghala ya Misri.

Hali ya kusini

Andalusia ilitegemea mno nguzo chache: ujenzi, hoteli za pwani ya Costa del Sol, na kilimo cha msimu, hasa mavuno ya zeituni. Sehemu kubwa ya ardhi yake tangu zamani imo mikononi mwa wenye mashamba makubwa, na wengi wa wanavijiji ni vibarua wa siku. Ujenzi ulipoanguka, mafundi wa jana walirejea mashambani kuomba kazi ya kuchuma zeituni, kazi ambayo kwa miaka kadhaa ilifanywa na wageni, wakiwemo ndugu zetu kutoka Morocco. Wageni hao, waliovuka bahari kutafuta riziki, wakakuta nafasi zimejaa. Hivyo ndivyo dhiki inavyosukumana: mwenye nguvu humsukuma dhaifu, na dhaifu hana wa kumsukuma.

Msiba mwingine ulikuwa wa nyumba zenyewe. Katika sheria ya Hispania, mtu aliyeshindwa kulipa mkopo wa nyumba hakuwa akisamehewa deni kwa kurudisha ufunguo tu. Nyumba ilipouzwa kwa bei ndogo kuliko deni, bakaa ilibaki shingoni mwake. Kwa hiyo zilikuwapo familia zilizokosa kazi, zikakosa makazi, na bado zikadaiwa. Kilichowaokoa wengi ni wazee wao: pensheni ya babu au bibi ikawa ndiyo chungu cha vizazi vitatu. Udugu wa damu ulifanya kazi ambayo benki na soko vilishindwa kuifanya.

Hali ya kaskazini

Tusidhani kuwa watu wa Basque walizaliwa na hekima zaidi. Walifundishwa na msiba wa awali. Katika miaka ya 1980 viwanda vyao vya chuma na vya kuunda meli viliporomoka, na ukosefu wa ajira jimboni mwao ulizidi asilimia 20. Tanuri kubwa la chuma la karibu na Bilbao lilizimwa kabisa mwaka 1996. Hata hivyo hawakukimbilia matofali. Waliamua kubaki na viwanda na kuviboresha: wakatengeneza mashine, vipuri vya magari na mabehewa ya treni, wakasomesha mafundi, wakatafuta wateja nje ya nchi. Wateja wa Hispania walipoishiwa mwaka 2009, baadhi ya wateja wa ng'ambo walikuwa bado wapo.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kuwa Basque ina haki isiyokuwa nayo Andalusia: hukusanya kodi zake yenyewe, kwa makubaliano maalumu na serikali kuu. Kwa fedha hizo jimbo liliweza kutoa posho ya kujikimu kwa kaya zisizo na kipato. Si kila jimbo linaweza kuiga hilo.

Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji sheria ya dola. Katika mji mdogo wa Mondragón, padri mmoja aitwaye José María Arizmendiarrieta alifungua shule ya ufundi mwaka 1943. Mwaka 1956 wanafunzi wake watano walianzisha kiwanda cha ushirika. Kutokana nacho vilizaliwa vingine vingi, vyenye benki yao na mfuko wao wa bima, ambamo wafanyakazi ndio wenye mali, na mshahara wa mkuu umewekewa mpaka kulinganisha na wa mtu wa chini. Dhiki ilipofika, wanachama katika vyama kadhaa walikubali kupunguza mishahara yao, na walioishiwa kazi katika kiwanda kimoja wakahamishiwa kingine. Badala ya kumtoa mmoja nje akalala njaa, wote walipunguza tonge.

Wala si kwamba mpango huo hauna kikomo. Mwaka 2013 kiwanda chao cha Fagor, kilichotengeneza majiko, majokofu na mashine za kufulia, kilifilisika baada ya kuelemewa na madeni. Watu wa kawaida waliokuwa wamekikopesha akiba zao walipata hasara. Ushirika hauondoi hesabu. Mshikamano hauwezi kubeba deni lisilo na mwisho. Hata hivyo, wengi wa wanachama wake wa Basque walipatiwa nafasi katika vyama vingine au wakastaafishwa mapema wakiwa na posho. Kiwanda kilikufa, lakini wengi wa watu wake hawakutupwa.

Yanatuhusu nini?

Msomaji wa pwani yetu asidhani kuwa hayo ni ya Ulaya tu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, walishuka hadi kiasi cha 620,000. Katika Zanzibar, nyumba ambayo baba, mtoto na mkwe wote walikula kwa mishahara ya hoteli ilipatwa na yale yale yaliyoipata Andalusia. Nyumba iliyokuwa na mmoja hotelini, mwingine cherehani, na kishamba cha mihogo huko shamba, iliyumba lakini haikuanguka.

Basi wakati wa kufanya uamuzi ni sasa, mishahara ingalipo. Mzazi atazame: je, riziki yote ya nyumba yangu inapita katika mlango mmoja? Kijana anayeacha masomo kwa ujira wa leo, ni nani katika ukoo aliyekaa naye akamwambia kuwa kazi ile ina mwisho? Na siku mmoja wetu atakapopoteza kazi, tumekubaliana kupunguza tonge sote, au tutaanza kujadili hilo siku hiyo, wakati watoto wake wameshalala bila chakula?

Mazungumzo hayo ni mepesi chungu kikiwa kimejaa. Yakisubiri chungu kiwe kitupu, huwa ugomvi.

Wabillahi tawfiq.