Selimundu: Kwa nini mtoto huugua baada ya miezi sita?

Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akanenepa. Alipofikisha miezi saba, vidole vya mikono na miguu vikavimba, akalia usiku kucha, macho yakawa ya njano. Bibi akasema amerogwa. Duka la dawa likatoa dawa ya malaria. Wazazi wengi wa Kasulu na Kibondo wanaijua hali hii. Akipimwa damu, jibu huwa selimundu, au sikoseli.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Daktari, kama amezaliwa nao, mbona mwanzoni hakuugua?"

Jibu limo ndani ya mifupa. Katikati ya mfupa kuna uloto, na ndani ya uloto kuna seli shina, ambazo huzaa seli zote za damu. Seli shina imebeba jeni zote za mwili, lakini haizitumii zote kwa pamoja. Nyingine zimewashwa, nyingine zimezimwa, kama taa za nyumba.

Mtoto akiwa tumboni, jeni inayowaka ni ya himoglobini ya kichanga, ambayo haina kasoro. Baada ya kuzaliwa, huzimwa polepole na ile ya ukubwani huchukua nafasi. Kwa mwenye selimundu, hii ya pili ndiyo yenye hitilafu, aliyoirithi kwa baba na mama. Chembe nyekundu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema.

Dawa ya haidroksiyurea hufanya kazi hapo hapo: husaidia kuiwasha tena himoglobini ya kichanga. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Humezwa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara kwa kuwa inaweza kushusha seli nyeupe. Usimnunulie mtoto bila daktari.

Kupona kabisa kunawezekana kwa kupandikizwa uloto. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza huduma hiyo kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Lakini anahitajika mchangiaji anayelingana, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne. Mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni za seli shina za mgonjwa mwenyewe. Bei yake inazidi dola milioni 2, hivyo kwetu bado iko mbali.

Mzazi, yaliyo mikononi mwako ni haya:

• Mpe maji mara kwa mara, hasa kiangazi.
• Mvalishe nguo nzito jioni. Baridi ya milimani huamsha maumivu.
• Alale ndani ya chandarua kila siku.
• Usiache foliki, wala penisilini hadi afikishe miaka mitano.
• Homa, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla au tumbo kuvimba upande wa kushoto: hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mganga wa jirani yuko karibu zaidi.

Wala msilaumiane nyumbani. Mama hakumroga mwanawe. Wazazi wote wawili walimpa, bila kujua.