Uokoaji Baharini: Taarifa ya Mapema Huokoa Maisha

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilizama Mtongwe, Mombasa, karibu na nchi kavu. Zaidi ya watu 250 walifariki.

Mwaka 2000, mkutano wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) uliofanyika Florence, Italia, uliazimia Afrika iwe na vituo vitano vya kuratibu uokoaji. Kituo cha Mombasa kilifunguliwa Mei 2006. Mwaka 2018 serikali ilizindua Huduma ya Walinzi wa Pwani ya Kenya.

Kituo hupokea wito wa dharura, hukadiria upepo na mkondo umekisukuma chombo hadi wapi, kisha huomba meli zilizo karibu zisaidie. Kila saa inayopita bila taarifa, eneo la kusakwa huongezeka.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda baharini, nahodha aiachie BMU ya eneo lake jina la chombo, idadi ya watu, anakoelekea na saa ya kurudi. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha. Wito wa dharura hutolewa kupitia chaneli 16 ya redio ya VHF. Chombo kikichelewa, toa taarifa mara moja, usingoje kupambazuke.