Wachukuzi Ndani ya Mwili

Wasikilizaji wapenzi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kaeni karibu na redio, daftari mkononi.

Leo tujiulize: mtoto ashibaye ugali kila siku, mbona pengine hakui vizuri?

Mwili hujengwa kwa protini. Protini nayo hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Viko vya aina 20. Ni nani avipelekaye penye ujenzi? Mwaka 1958, Mahlon Hoagland, Paul Zamecnik na wenzao, huko Boston, Marekani, walieleza kuwa kila kipande hufungwa kwanza juu ya mchukuzi wake. Mchukuzi huyo ni namna ya asidi nukleiki, iitwayo RNA.

Walijuaje? Fikiri juu ya gunia la pamba katika mkokoteni. Njia mbovu ikitikisa mkokoteni, gunia lisilofungwa huanguka, lililofungwa hubaki. Nao walifanya hivyo. Walitia alama katika asidi amino moja, yaani kaboni yenye mionzi, ambayo chombo huweza kuihesabu. Wakaichanganya na maji ya ini la panya. Kisha wakaitenga RNA, wakaondoa protini, wakaiosha. Kipande kilichokaa karibu tu kingeoshwa kikaenda zake. Lakini alama ilibaki. Basi kipande kilikuwa kimefungwa. Walipotia dawa yenye ukali kama wa magadi, fundo likafunguka. Tena, walipoipeleka RNA yenye mzigo penye ujenzi, alama ikaonekana ndani ya protini.

Habari hii yatuhusu nini? Mwili hauwezi kujitengenezea asidi amino zote; nyingine lazima zitoke katika chakula. Moja ni lisini. Mahindi yana lisini kidogo. Mchukuzi wa lisini akikosa mzigo, ujenzi hukwama, hata kama vipande vingine vimejaa tele. Choroko, dengu na kunde zina lisini nyingi.

Ndugu zangu, choroko na dengu twazilima wenyewe, kisha twazipeleka sokoni. Uza, lakini usiuze zote. Bakiza debe la watoto.

Sasa andikeni majibu:
1. Nani huchukua asidi amino mwilini?
2. Kwa nini RNA ilioshwa?
3. Nyumbani kwako, ugali huliwa na nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.