Vali ya Kupumulia ya Injini: Kifaa Kidogo Kinachozua Hasara Kubwa

Magari mengi madogo yanayobeba abiria na mizigo katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, yalitumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Vitabu vyake vya maelezo, kama vipo, aghalabu ni vya Kijapani au Kiingereza. Mwenye gari huenda ni Mteso, fundi akawa Msamia, na dereva akawa ametoka ng'ambo ya mpaka; lugha inayowakutanisha watatu hao ni Kiswahili. Gari linapoanza kutoa moshi wa buluu na kumaliza oili, ni katika Kiswahili hicho ambapo huamuliwa jambo zito: je, injini nzima ifunguliwe, au kibadilishwe kifaa kimoja tu? Makala haya yananuia kueleza kifaa hicho, ambacho tutakiita vali ya kupumulia.

Petroli inapolipuka ndani ya silinda, sehemu ndogo ya gesi hupenya kando ya pistoni na kushuka mahali panapokaa oili. Gesi hiyo ina petroli isiyoungua, mvuke wa maji na asidi. Zamani iliachwa itoke nje kupitia bomba la wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, jimbo la California nchini Marekani lilianza kudai kwamba magari mapya yaizuie. Vali ya kupumulia huiruhusu gesi hiyo ivutwe hadi kwenye mabomba ya kuingiza hewa, iungue upya. Ndani yake mna springi na kizibo kinachosogea. Injini ikinguruma taratibu, njia huwa nyembamba. Mwendo ukiongezeka, hupanuka.

Vali ikikwama katika hali ya wazi, hewa huzidi, injini hutetemeka gari likiwa limesimama, na oili huweza kuvutwa na kuunguzwa. Ikiziba, shinikizo hupanda ndani ya injini, oili ikavuja kwenye sili na gasketi, na utope mweusi ukajilimbikiza. Safari fupi fupi za mjini huzidisha utope huo, kwani injini haipati joto la kutosha kukausha maji yaliyomo katika oili.

Kazi ya kubadilisha yaweza kufanyiwa nyumbani. Kwanza, zima injini na usubiri ipoe. Pili, tafuta vali: mara nyingi imechomekwa au imekazwa kwenye kifuniko cha juu cha injini, na mpira mmoja unaelekea kwenye mabomba ya hewa. Tatu, legeza klipu kwa koleo, uuvute mpira polepole, kisha ung'oe vali. Ikiwa ina hesi, tumia spana inayoitosha barabara. Nne, itikise. Isipotoa mlio wa kizibo kinachocheza, imekwama. Hata hivyo, mlio pekee si ithibati ya uzima wake, kwa kuwa springi huweza kuchoka. Tano, kagua mpira. Ukiwa umepasuka au umelainika kwa oili, ubadilishe pia. Sita, weka vali mpya ya aina ile ile, kwa mwelekeo ule ule, na usiikaze kupita kiasi, maana kifuniko chaweza kupasuka. Hatimaye, washa injini usikilize: mlio wa mluzi ni dalili ya hewa inayovuja. Katika baadhi ya injini vali imeunganishwa na kifuniko chenyewe. Hiyo ni kazi ya gereji.

Wapo wanaouziba mpira huo kwa bolti au kuuelekeza chini ili kukwepa gharama. Mbinu ya kwanza huharibu sili. Ya pili hurejesha hewani uchafu uliokusudiwa kuunguzwa.

Ni kweli kwamba si kila moshi wa buluu hutokana na vali hii. Ringi za pistoni zilizochakaa huutoa vilevile. Lakini vali ni rahisi na hukaguliwa kwa muda mfupi, ilhali kufungua injini humgharimu dereva siku kadhaa bila mapato. Anayeweza kuuliza kwa Kiswahili, "Je, vali ya kupumulia imekaguliwa?" hatoi fedha zake gizani. Kwa hiyo, sisi wanafunzi na walimu wa lugha hii hatuna budi kuzikusanya istilahi za gereji za mpakani na kuziandika zikiwa na maelezo kamili, ili zimfae mwenye spana kama zinavyomfaa mwenye kalamu.