Kompyuta inawaka, skrini ni nyeusi: kosa liko wapi?

MTANGAZAJI: Leo tunajibu swali la kikundi cha vijana wanaojifunza kompyuta. Walichanga pesa wakanunua adapta ili kuunganisha kompyuta na skrini ya zamani. Kompyuta inawaka, lakini skrini inaandika tu "No Signal". Wengine wanataka kuitupa. Fundi, waitupe?

FUNDI: Hapana, dada. Skrini ikiweza kuandika maneno hayo, kioo chake kinafanya kazi. Inasema tu kwamba picha haijaifikia.

MTANGAZAJI: Waanze wapi?

FUNDI: Waitazame adapta. Kompyuta yao ina tundu la HDMI. Skrini ina la VGA, lile la pini 15 katika safu tatu. Hawa wawili hawasemi lugha moja, kwa hiyo wanahitaji mkalimani. Mkalimani ni chipu ndogo iliyo ndani ya adapta, naye hutafsiri upande mmoja tu. Adapta ya kutoka VGA kwenda HDMI ukiigeuza haitafanya kazi. Na waya mtupu, wenye kichwa cha HDMI huku na cha VGA kule bila chipu, hautaleta picha hata ukiwa mpya.

MTANGAZAJI: Na kama adapta ni sahihi?

FUNDI: Wafuate hatua hizi. Kwanza, wazime vyombo vyote, wachomoe waya na kukagua pini. Pini ikipinda, rangi moja inaweza kupotea. Pili, wachomeke tena na kukaza skrubu za pembeni. Tatu, kama adapta ina waya mdogo wa USB, wauchomeke pia, maana huleta umeme. Nne, kwa kitufe cha skrini, wachague VGA. Kama ni laptopu ya Windows, wabonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi P, wachague "Duplicate".

MTANGAZAJI: Wengine huona maneno "Out of Range".

FUNDI: Hapo picha imefika, ila ni kubwa kuliko uwezo wa skrini. Waunganishe skrini nyingine kwa muda, wapunguze ukubwa wa picha, kwa mfano 1024 kwa 768, kisha warudishe ile ya kwanza.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kutoa pesa, sema dukani picha inatoka tundu gani na inakwenda tundu gani. Ikiwezekana, adapta ijaribiwe mbele yako.

FUNDI: Na wakumbuke, VGA haibebi sauti. Spika wazichomeke kwenye kompyuta.